Jumapili ya Bure Bustanini

9 Februari 1986

Dada yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana najua ukiwa umesimama huisomi mpaka mwisho. Sisi huku hatujambo. Mimi bado nafungua saa za watu na kuzifunga, ila macho yameanza kunigeuka; juzi nilitafuta skrubu moja nusu siku nzima, kumbe imenasa kwenye ndevu. Kijana wetu ameandika mara moja tu tangu mwaka uanze, anasema kazi zimembana huko aliko. Paa la jiko limezibwa. Wifi yako mzima, anakusalimu sana. Angekuandikia mwenyewe kama zamani, lakini siku hizi kalamu inamchosha.

Sasa neno lenyewe. Mwaka huu tunatimiza miaka thelathini na mitano ya ndoa. Nimeona nimlete wifi yako aione ile bustani kubwa ya jiji iliyo mbele ya nyumba yenu. Tangu tuoane anasema, "Iko siku utanipeleka," na mimi najibu, "Iko siku." Naona siku zenyewe zinakwisha. Lakini unanijua, mfuko wangu una upepo mtupu. Hoteli hatuiwezi. Tutakuja na basi la asubuhi, turudi na la jioni. Niandikie kila kitu: kiingilio, mahali pa kukaa bila kulipa, kama wanaruhusu mtu kuingia na chakula chake. Bustani hiyo kwako ni kama uani, nani atanieleza kukushinda?

Na kwako tutapita, hata kama ni kunywa maji tu.

Mdogo wako,
Kijiti (miaka sitini, na bado ni Kijiti)


9 Machi 1986

Mdogo wangu Kijiti,

Marahaba. Barua yako ilichelewa kunifikia. Jirani yangu, yule mama mpiga pasi wa hapa chini, aliichukua kwa muuza magazeti akaisahau kwenye mfuko wa aproni, ikafuliwa nusu. Nimeisoma kwa kuinyoosha juu ya meza. Nashukuru mko salama. Mimi niko vizuri. Kazi ipo: nashona mashati ya wahudumu wa mkahawa, yote meupe, na mwenye mkahawa anataka kola zisimame kama askari. Nikilala naota kola.

Haya, bustani. Siku za kawaida wanatoza kiingilio, lakini Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure kwa anayeingia kabla ya saa nne, tena kwa lango la kaskazini tu. Ukienda lango kuu, bawabu akikuona unashangaashangaa atakwambia ulipe hata siku ya bure. Kwa hiyo tembeeni kama watu waliochoka kuja hapo. Chakula kinaruhusiwa. Bebeni mkate na mayai ya kuchemsha, na chai yenu kwenye chupa, maana kibanda cha pale bwawani kinauza soda kwa bei ya kuzimia. Mabenchi yanayotazama bwawa yanapigwa jua mapema. Nendeni yale ya chini ya misonobari, yana kivuli mpaka adhuhuri. Boti za kukanyaga ni ghali. Msipande. Kaeni ukingoni mtazame maharusi wanavyozunguka mahali pamoja wakilaumiana, hiyo ni burudani tosha na haina tiketi. Saa tano bendi inapiga karibu na bembea. Wapiga tarumbeta ni wanne, watatu wana vipara.

Kuhusu kupita kwangu, chumba kimejaa majora ya vitambaa, hata paka hana pa kugeukia. Tukutane langoni, itakuwa raha zaidi. Mwambie wifi nina hamu na barua zake. Zako zina saa na paa tu.

Dada yako


13 Aprili 1986

Dada,

Shikamoo. Ahsante kwa maelezo. Nimeyanakili kwenye karatasi ngumu na kuibandika ukutani juu ya meza yangu ya kazi. Wateja wanaisoma wakidhani ni bei za kutengeneza saa.

Jumapili ya kwanza ya mwezi huu hatukuweza. Wifi yako alipata mafua. Sasa amepona, usiwe na wasiwasi.

Nina maswali machache, na usinicheke. Je, bustani ina ukuta pande zote, au kuna mahali palipo wazi? Malango ni mangapi, na yote yana mabawabu? Bwawa lina kina gani ukingoni? Vyoo vya wanawake, milango yake inafungwa kwa ndani? Na kukiwa na watu wengi, mtu aliyevaa nguo nyekundu anaonekana kwa mbali?

Huku mvua zimeanza. Saa ya ukutani ya baba, ile uliyonigombeza nisiiguse, inatembea vizuri. Nimeifunga kwa waya isije ikateremshwa.

Mdogo wako


27 Aprili 1986

Mdogo wangu,

Marahaba. Poleni kwa mafua. Nakiri nilishusha pumzi niliposoma kwamba hamkuja. Nilikuwa na kazi nyingi mno siku hiyo.

Maswali yako nimeyasoma mara tatu. Kijiti, unataka kutembea bustanini au kulinda wafungwa? Lakini umeuliza, nitajibu. Bustani ina uzio wa chuma pande zote. Malango ni manne. Matatu yana mabawabu. Lile la mashariki, nyuma ya vitalu vya maua, komeo lake limevunjika na watu wanapita watakavyo, na mbele yake ni barabara kubwa. Bwawa ukingoni linafika magotini, katikati sijui. Vyoo sijui milango yake inafungwaje. Nguo nyekundu inaonekana vizuri sana, hata kutoka mbali kabisa.

Na wewe nikuulize moja tu: kwa nini saa ya baba ifungwe kwa waya? Nani wa kuiteremsha? Nyumba nzima mko wawili.

Jirani mpiga pasi anaumwa mgongo wiki hii, kwa hiyo nimekula mkate mkavu siku tatu. Si kitu, nilikuwa nanenepa.

Dada yako


11 Mei 1986

Dada,

Shikamoo. Huku salama. Kijana hajaandika. Jirani wa upande wa kulia amehama, wa kushoto amenunua redio.

Saa ya baba nimeifunga kwa sababu ya kufuta vumbi tu, nisingependa isogee.

Tumeamua. Tutakuja Jumapili tarehe mosi Juni. Basi linafika saa mbili na nusu, saa tatu tutakuwa lango la kaskazini. Wifi yako atavaa gauni jekundu. Ila wewe ulisema mkate mkavu siku tatu. Dada, dukani ni hatua chache kutoka mlangoni kwenu. Kwa nini mgongo wa mpiga pasi ukulaze wewe na njaa?

Tutaonana langoni.

Mdogo wako


18 Mei 1986

Mdogo wangu,

Naandika haraka. Imetokea safari. Kuna harusi mji wa pili na bibi harusi anataka fundi awe karibu mpaka dakika ya mwisho. Huenda tarehe mosi nisiwepo. Msipoteze muda kunisubiri langoni, na msijisumbue kupanda kwangu, mlango utakuwa umefungwa. Ingieni, mfurahi. Kumbukeni misonobari.

Dada yako anayewapenda


8 Juni 1986

Dada,

Shikamoo. Tulifika salama na basi la jioni. Tangu turudi, kila siku nashika kalamu na kuiweka chini.

Siku ile hatukusema mengi. Wewe ulikuwa unahema, na watu walituzunguka kama kuna ajali. Sasa niseme. Wifi yako anaumwa mwaka wa tatu huu. Si mwili. Ni kusahau. Alianza kwa majina, akaja kwenye siku, akaja kwenye jiko, tukaunguza paa. Ndiyo, lile paa. Saa ya baba aliishusha akaitia kwenye pipa la maji, ndiyo maana ya waya. Mwanamke aliyefundisha darasa la kwanza miaka ishirini na tisa, leo hajui kuandika jina lake. Mimi ananiita "fundi". Kila asubuhi anakuja mezani kwangu, anasimama kwa adabu kama mteja, na kuniuliza saa yake itakuwa tayari lini. Namwambia, "Kesho, mama." Anashukuru, anakwenda kukaa.

Siwezi kutoka. Nikienda kununua mkate namfungia ndani, na nikirudi namkuta amesimama nyuma ya mlango ameshika kitasa. Sikutaka ujue. Ungeacha kazi zako uje, na wewe una maisha yako jijini.

Siku ile nilimfunga kitambaa mkononi na kukiunganisha na mkono wangu. Tuliingia kwa lango la kaskazini kabla ya saa nne, kama ulivyosema. Tukakaa chini ya misonobari. Alifurahi, dada. Alitaja majina ya maua mawili. Baadaye niligeuka kidogo, kitambaa kimefunguka, hayupo. Nilizunguka bwawa mara mbili. Nilipiga kelele. Niliingia mpaka choo cha wanawake nikafukuzwa kwa ndoo. Karibu saa sita nikakimbilia lango kuu kumweleza bawabu, na ndipo nikakukuta wewe umekaa chini kwenye changarawe, gauni limechanika nyuma, viganja vinatoka damu. Wewe uliyekuwa kwenye harusi. Hukunisalimia. Ulisema, "Kwenye vitalu vya maua, karibu na lile lango bovu. Kimbia." Na kweli nilimkuta pale, amechuchumaa anaokota majani makavu na kuyapanga mstari kama watoto wa darasani.

Ulijuaje? Na magoti yako yamekuwaje? Na kwa nini ulikataa nikupeleke juu kwako?

Mdogo wako


22 Juni 1986

Mdogo wangu,

Marahaba. Msalimie wifi, hata kama hatajua ni salamu za nani.

Tumekuwa kama watu wawili waliofichana njaa mpaka wote wakazimia. Haya, na mimi nifungue fundo langu.

Lifti ya jengo letu ilikufa mwaka jana mwezi Aprili. Mwenye nyumba alisema kifaa kimeagizwa. Labda kinakuja kwa miguu. Mimi niko ghorofa ya saba, na magoti yangu yalikuwa yamekwisha kuvimba kabla ya hapo. Mara ya mwisho kushuka ilikuwa kumzika mteja wangu mmoja, na kupanda kulinichukua alasiri nzima, nikalia kwenye ghorofa ya nne kama mtoto. Tangu siku hiyo sikushuka tena. Miezi kumi na mitatu. Nina kapu na kamba, nalishusha dirishani. Muuza magazeti ananitilia mkate na barua, mpiga pasi ananiletea mashati na kuyarudisha kwa wenyewe. Yeye akiumwa, mimi ninafunga.

Bustani sijaikanyaga tangu lifti ife. Bei za kibanda nilizisikia kwa mpiga pasi, mengine niliyaona dirishani. Cherehani yangu iko pale dirishani, nashona huku natazama. Najua nani anakuja na nani, nani ameachana na nani. Bendi naiona tu, upepo ukiwa mbaya siisikii hata. Kuna siku nilichukia miti ile mpaka nikafunga pazia, nikashona gizani nikaharibu shati.

Sikukwambia kwa sababu mwaka ule nilipohama ulisema, "Dada, ghorofani utazeeka vipi?" nikakujibu maneno ya kiburi. Unayakumbuka. Nilikuwa tayari kufa huko juu kuliko kukiri kwamba ulisema kweli. Harusi haikuwepo.

Siku ile nilikaa dirishani tangu saa mbili. Niliwaona mkiingia. Niliona kitambaa, nikaelewa maswali yako yote kwa mpigo mmoja, malango, bwawa na vyoo. Nilijilaumu sana kwa kukutania kuhusu wafungwa. Kisha nikaiona nguo nyekundu inakwenda peke yake kuelekea mashariki. Nilipiga kelele. Ghorofa ya saba, Kijiti, ni kama kumwita mtu aliye ndani ya ndoto. Nikaangalia kamba, nikaangalia mlango. Nilishuka kwa makalio, ngazi moja moja, nimeshika chuma. Ngazi mia moja na ishirini na sita. Kwenye ghorofa ya tatu mzee mmoja alinipita akasema, "Habari za asubuhi, mama," kana kwamba hivyo ndivyo watu wote wanavyoshuka. Barabara nilivushwa na muuza magazeti. Hakunitambua mpaka niliposema. Alikuwa anaujua mkono wangu na kapu tu.

Sikutaka unipeleke juu kwa sababu ningepanda, nisingeshuka tena. Nalala kwa mpiga pasi, chumba cha nyuma, joto la pasi na harufu ya wanga. Cherehani imeshushwa kwa kamba ile ile. Bado sijui nitakaa wapi.

Mengine niliyoyaona siku ile sina haja ya kuyaandika.

Dada yako


6 Julai 1986

Dada,

Shikamoo. Leo sina habari za paa wala za jirani.

Umeandika, "Mengine niliyoyaona." Nimelisoma neno hilo mpaka karatasi imelegea. Sijui uliona nini. Huenda ulimaanisha bendi. Lakini nimechoka kuwa mtu anayetegemea kwamba hakuonwa.

Kitambaa hakikufunguka. Nilikifungua mimi.

Alikuwa ananivuta anataka kwenda, na mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi. Nikafungua fundo. Akainuka. Nikamwona anapita bembea, anapita wale watoto wenye mpira, anaendelea. Nilikuwa na uwezo wa kumwita. Angegeuka, bado anageuka akiitwa. Sikuita. Nilijimiminia chai. Nikajiambia, nikimaliza kikombe hiki nitainuka. Nikamaliza. Nikamimina cha pili.

Dada, ile chai ilikuwa tamu. Ni miaka mitatu sijanywa kikombe kizima bila kusikiliza mlango. Nilikaa pale na jua linapenya kwenye misonobari, na hakuna mtu duniani aliyekuwa ananihitaji, na moyo wangu ulikuwa mweupe. Halafu nilipoweka kikombe chini nikaikumbuka barabara kubwa uliyoniandikia, nyuma ya lango bovu, nikainuka. Nilijua lilipo lango lile. Nilikuwa nimelinakili. Lakini nilizunguka bwawa mara mbili kwanza, kwa sababu niliogopa kufika barabarani na kukuta kilichotokea.

Mpaka leo anakuja mezani kuniuliza saa yake. Namjibu, "Kesho, mama," na siwezi kumtazama.

Sikuombi uniambie si kitu. Ni kitu. Nimetaka tu mtu mmoja ajue.

Kijiti


20 Julai 1986

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako safari hii haikuchelewa, nimeipokea kwa mkono wangu mlangoni.

Niliona. Nilikuona unafungua fundo. Nilikuona unamtazama akienda, na chupa ikiinama mara ya kwanza. Nilisubiri. Nikasema moyoni, anapumzika, acha anywe. Chupa ilipoinama mara ya pili nikamtazama wifi, alikuwa amefika vitaluni, amechuchumaa kwenye maua, hana haraka yoyote. Watunza bustani wawili walikuwa karibu naye. Sikumwona kama mtu anayekufa. Nilikuona wewe. Ulikuwa umekaa wima mno, kama mtu anayepigwa picha. Nikajua kwamba ukimaliza kikombe kile hutarudi kuwa yule yule, na kwamba hutamwambia mtu, na utabaki nalo ndani ya nyumba ile pamoja na mlango unaofungwa kwa nje.

Basi nikashuka. Nilikuandikia kama vile nilishuka kwa ajili ya wifi. Na yeye pia, barabara iko pale. Lakini ngazi zile nilizishuka kwa ajili yako.

Sitakuambia si kitu. Ungenidharau, na ungekuwa na haki. Ulimwacha, kisha ukaenda kumtafuta, na yote mawili ni wewe. Mimi nami nilijifungia miezi kumi na mitatu ili tu mtu asije akasema, "Nilikwambia." Tusipimane.

Sikiliza sasa, na usijibu kwa adabu. Nyumba yenu haina ngazi. Chumba cha kijana kiko wazi, naye haji. Kichwa cha cherehani kinatosha kwenye basi, meza yake nimemwachia mpiga pasi. Naja Jumatano tarehe sita Agosti, basi la asubuhi. Sina haja ya kupokelewa na mtu mwenye furaha, nipokelewe na mtu mwenye toroli.

Nitakaa na wifi. Akisimama mlangoni nitasimama naye, tuna umri wa kufanana na hatuna pa kukimbilia. Akiniita fundi, ni kweli, mimi ni fundi. Akiuliza gauni lake litakuwa tayari lini, nitampima hapo hapo, nimshonee kweli, akisahau nitampima tena.

Na kila Alhamisi, baada ya kunywa chai, utavaa viatu utoke. Nenda utakako. Kaa mpaka jioni. Usiniambie ulikuwa wapi, na mimi sitachungulia dirishani.

Dada yako